Nyumba ya mama yetu ilivyogeuka kimbilio la mateja

Mpenzi msomaji, kama una ndugu, mtoto au mume anayetumia unga, haya nitakayokusimulia hayatakushangaza. Utakuwa umekwisha kulala na mkoba wako chini ya mto. Utakuwa umekwisha kununua sufuria ileile mara mbili, mara ya pili ukiinunua kwa jirani aliyeuziwa na mwanao kwa shilingi hamsini. Na kama huna mtu wa aina hiyo nyumbani kwako, nakuomba usome vilevile, kwa sababu hata mimi wakati mmoja sikuwa naye.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimezaliwa Malindi na nimefundisha huku huku Malindi hadi siku niliyopewa saa ya ukutani na keki, nikaambiwa nenda kapumzike. Tulizaliwa sita kwa mama, na huyu ninayetaka kukueleza habari zake ni kitinda mimba wetu. Katika miaka ya tisini alikuwa kijana wa ufuoni, wale tuliowaita mabichi boi. Kiitaliano alikijua kuliko Kiingereza nilichomfundisha mwenyewe darasani. Aliwatembeza watalii, akawauzia vinyago, akala nao, na jioni akavuta nao. Wakati huo ilikuwa brauni shuga, unga wa rangi ya kahawia ambao vijana wa pwani walikuwa wameanza kuuvuta tangu miaka ya themanini. Ghasia za Likoni za mwaka 1997 zilipowakimbiza watalii pwani nzima, mifuko ilikauka lakini kiu haikukauka. Halafu mwishoni mwa muongo huo ukaja unga mweupe, ambao huyeyuka majini kwa wepesi, na vijana wetu wakajua sindano.

Sitakuchosha kwa miaka iliyofuata. Niseme jambo moja tu, kwa sababu nimeapa kutolificha. Mwaka 2003 tulimfunga kwa mnyororo kwenye nondo za dirisha la chumba cha nyuma cha mama. Mimi ndiye niliyenunua kufuli. Mtu mmoja alikuwa ametuambia kwamba dawa ya teja ni siku saba za mnyororo na maji ya baridi, nasi tukaamini kwa kuwa hatukuwa na jingine la kuamini.

Kama hujaona arosto, msomaji, shukuru. Muda wa saa nane hadi kumi na mbili baada ya kete ya mwisho, mtu huanza kupiga miayo na kutokwa na makamasi kama aliyepata mafua. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya. Tumbo linakatika, mifupa inauma, ngozi inasimama vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa, na usingizi unahama kabisa. Baada ya wiki moja hivi mwili hutulia. Na kweli ndugu yetu alitulia. Siku ya nane tukamfungua, akaoga, akala wali kwa samaki, mama akalia kwa furaha. Siku ya kumi na moja redio ya mama haikuwako mezani, na yeye mwenyewe hakuwako.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, ingawa ilinichukua miaka mingi kulisema kwa maneno, kwamba kuuondoa unga mwilini ni kazi ya wiki moja. Kazi yenyewe ni siku ya nane, na ya hamsini, na ya mia mbili. Mtu ametoka arosto, haya, anakwenda wapi? Anarudi kwenye maskani ileile, kwa marafiki walewale, na kwa ndugu ambao kila akiingia ndani huhesabu vijiko.

Mama alifariki mwaka 2015. Ndio mwaka ambao hospitali yetu ya serikali hapa Malindi ilianza kutoa methadoni, baada ya Mathari kule Nairobi kutangulia Desemba 2014. Methadoni ni dawa ya maji ambayo anayeacha unga huinywa kila siku mbele ya mhudumu, nayo humwondolea arosto kwa siku nzima bila kumlewesha akishapata kipimo kinachomfaa. Nilisikia habari zake wakati huo lakini sikuzitilia maanani. Nilikuwa na tanga la mama, na nilikuwa na ugomvi wa nyumba.

Nyumba yenyewe iko Maweni. Ina vyumba vitano, ua, kisima na mwembe. Ndugu zangu walitaka iuzwe, na siwalaumu, maana ardhi ya Malindi ina bei na kila mmoja ana karo za kulipa. Mimi nikawaomba miaka mitano. Kaka yetu mkubwa, aliyeko Mombasa, aliniuliza, "Miaka mitano ya kufanya nini?" Sikuwa na jibu, nikasema nitaipangisha. Huo ulikuwa uongo, naye hadi leo hunikumbusha.

Jibu nililipata Unguja mwaka 2016, nilikokwenda kwa harusi. Huko, tangu mwaka 2009 hivi, walioacha unga wenyewe walikuwa wameanzisha nyumba wanazoziita soba hausi, wakisaidiwa mawazo na wenzao waliopona wa mji wa Detroit, Marekani. Nilipelekwa kuiona moja. Nilitarajia kukuta manesi na vitanda vya chuma. Nikakuta wanaume wako uani wanamenya viazi, mmoja akiwapangia zamu za kufagia, na wote, msimamizi na mpishi pamoja, walikuwa mateja wa zamani. Niliporudi nikamwuliza mwanangu aliyesoma mambo hayo, akanieleza kwamba hata Marekani ziko nyumba za aina hiyo ziitwazo Oxford House, ya kwanza ikiwa ilianzishwa Maryland mwaka 1975. Wakaaji huendesha nyumba wenyewe kwa kura, kila mmoja hulipa sehemu yake ya kodi, na anayelewa hutolewa. Hakuna meneja wa kulipwa.

Nikasema, nyumba ninayo.

Mwaka mzima wa 2017 ulikwisha katika vikao. Nilikwenda kwa chifu, kwa wazee wa mtaa, kwa imamu na kwa pasta. Niliuliza pia kuhusu sheria, nikaelezwa kwamba vituo vya tiba na urekebishaji huidhinishwa na NACADA. Mimi sikuwa na daktari wala uwezo wa kumwajiri, basi tukakata shauri kwamba nyumba yetu haitatibu mtu. Tiba ni ya hospitali. Sisi tungetoa pa kulala, chungu kimoja, na kundi la watu wanaojua uongo wako kabla hujausema. Tukajiandikisha kama kikundi cha kujisaidia.

Nikuonye hapa, msomaji, iwapo nawe una nyumba na unafikiria kufanya haya. Arosto ya unga inatesa lakini ni nadra kumwua mtu mwenye afya. Ya pombe ni jambo jingine. Mlevi wa miaka mingi akikatishwa ghafla anaweza kupata kifafa akafa mikononi mwako, na wengi wa vijana hawa hutumia unga, mnazi na vidonge vyote pamoja. Kwa hiyo hatumpokei mtu yeyote kabla hajapita hospitali.

Baraza la mtaa sitalisahau. Mama mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, sisi tumechoka kuibiwa na teja mmoja mmoja, sasa wewe unatuletea tisa?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini alikuwa na haki. Tulikubaliana kwamba mtaa utakuwa na watu wawili katika kamati na kwamba saa tatu usiku lango litafungwa. Tukafungua Machi 2018 tukiwa na vitanda tisa vya kuazima na wakaaji watano. Ndugu yangu alikuwa wa kwanza kuingia.

Wiki ya tatu kuku wakaanza kupotea kwa jirani. Wanne, mmoja baada ya mwingine. Unajua nani walishukiwa. Vijana walisimamishwa mstari uani, wakapekuliwa hadi soksi, na mmoja wao, aliyekuwa fundi wa nyavu, akaketi macho usiku mbili mfululizo juu ya mwembe. Mwizi alikuwa kicheche. Jirani hakuomba radhi, lakini tangu siku hiyo hutuletea mayai.

Maisha ya ndani hayana ajabu. Kuamka ni saa kumi na moja na nusu. Anayeswali huswali, asiyeswali huteka maji. Baada ya chai ya kwanza wanaketi chini ya mwembe na kila mtu anasema amelalaje na ameota nini, maana ndoto za unga huja hata baada ya mwaka, na mtu huamka na ladha yake mdomoni. Kisha kila mmoja kwenye riziki yake: mkokoteni, kuosha tuktuk, kuparua samaki bandarini. Jioni kila mmoja huweka shilingi mia moja mezani, na asiye nazo husema mbele ya wenzake kwa nini hana. Mwanzoni nilidhani ni ukali kumdai mtu aliyetoka jana maskani. Lakini niliona tofauti ya uso wa mtu anayelishwa na uso wa mtu aliyenunua maharagwe.

Kanuni zilikuwa tano, nami niliziandika kwa chaki ukutani kama niko darasani. Ya kwanza ilisema: anayerudia unga ataondoka siku hiyo hiyo. Niliipenda kanuni hiyo. Nilijiona nimejifunza kutoka kwa watu wanaojua.

Agosti 2019 yule fundi wa nyavu, kijana wa miaka ishirini na sita aliyekuwa amekaa miezi mitano bila kugusa kitu, alirudi jioni macho yake yamekuwa vitone. Hakukana. Alisema alivuta mara moja tu na mwenzake mmoja waliyekutana sokoni. Kikao kikaketi, kura zikapigwa, na mimi nikapiga ya kwanza. Saa tatu usiku nilimfungulia lango mwenyewe, nikampa kanga ya kujifunika kwa kuwa kulikuwa na upepo wa kusi. Asubuhi wavuvi walimkuta ufuoni nyuma ya mashua, amekufa.

Nilielezwa na nesi mmoja jambo ambalo ningepaswa kulijua kabla sijaandika kanuni yoyote ukutani. Mwili wa anayetumia kila siku huzoea. Akikaa miezi bila kuugusa unga, mazoea yale hupotea, na akirudia kipimo chake cha zamani pumzi hukatika. Kwa hiyo aliyeacha na akateleza yumo hatarini kuliko teja ambaye hajawahi kuacha. Nami nilikuwa nimemtoa nje saa ileile aliyokuwa hatarini, usiku, peke yake, amejaa aibu. Iko dawa iitwayo naloksoni ambayo humzindua aliyezidiwa na unga ikiwahi kutolewa. Sisi hatukuwa tumesikia hata jina lake.

Nilikwenda kwa mama yake. Niliketi mkekani na wanawake wenzangu. Hakunilaumu. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwalimu, lango mlilifunga saa ngapi?"

Nikamwambia saa tatu.

Nilitaka kuifunga nyumba. Waliokataa ni wakaaji wenyewe, wakati huo wakiwa saba. Walikaa mchana kutwa wakabishana, wakafuta ile kanuni ya kwanza ukutani na kuandika nyingine kwa mkono mbaya ambao nimeuacha vilevile. Siku hizi anayeteleza hatolewi usiku na hatolewi peke yake. Analala chumba cha mbele, mwenzake mmoja akikesha naye akimtazama pumzi, na asubuhi anasindikizwa hospitali. Akitaka kuendelea kutumia, nyumba si yake tena, lakini huondoka mchana na ndugu zake wakijua. Wahudumu wa mitaani nao wakatufundisha kutumia naloksoni. Tumeihitaji mara mbili, na mara zote mbili haikuwa kwa mkaaji wetu ila kwa watu waliokimbiziwa langoni kwetu.

Sasa nirudi kwa ndugu yangu, kwa kuwa najua unangoja.

Alikaa miaka mitatu safi. Alikuwa ndiye msimamizi wa zamu, ndiye aliyewakaripia wengine, na mimi nilimtaja kila nilipoalikwa kuzungumza mahali. Nadhani nilimtaja mno. Mwaka 2021 aliteleza, akaficha kwa wiki tano, na nilipogundua nilifanya kile ninachowakataza mama za watu: nilipiga kelele, nikahesabu mbele yake kila nilichopoteza kwa ajili yake tangu mwaka 1998. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Dada, hayo yote nayajua. Huwa nayahesabu mwenyewe usiku."

Nesi alipendekeza methadoni. Hapo nyumba yetu ikapasuka katikati. Wale waliokuwa wameacha kwa kuumia walisema methadoni ni unga wa serikali, na kwamba anayeinywa hajaacha, amebadilisha duka. Msomaji, hata mimi nilikuwa upande huo kwa muda mrefu, na sikuona haya kulisema. Nilimkubalia kwa sababu alikuwa ndugu yangu, si kwa sababu nilishawishika. Niliyoyaona baadaye ndiyo yaliyonigeuza. Mtu aliyekuwa akizunguka mji tangu alfajiri kutafuta pesa za kete tatu alianza kwenda hospitali asubuhi, akanywa kikombe chake, akarudi na siku nzima mkononi. Akanenepa. Akalipa deni la mwenye kiosk. Kaka mkubwa alipokuja kwa Idi alimwachia simu yake mezani akaenda kuoga, na sisi wengine tukatazamana.

Wawili waliondoka nyumbani kwetu kwa ajili ya ugomvi huo, na mmoja hatusemi naye mpaka sasa. Leo wakaaji ni wanane, wanne wanakunywa methadoni na wanne hawanywi. Chini ya mwembe huruhusiwi kumwuliza mwenzako anaacha kwa njia gani. Unamwuliza amelalaje.

Kuna yanayonikera bado. Nyumba yetu ni ya wanaume tu, na kila mwezi hunijia mwanamke mlangoni, mara nyingi jioni, mara nyingi na mtoto mgongoni. Wanawake wanaotumia ni wengi kuliko tunavyokubali, wamefichwa vyumbani, na ndugu zao wako tayari kusema wamekufa kuliko kusema ni mateja. Nina chumba kimoja tu kwangu ninachoweza kumlaza mtu usiku mmoja. Nimewaomba wenye nyumba wanne hapa mjini. Mmoja alitaka kodi ya mwaka mzima mkononi, wawili walisema wataniita, na wa nne aliniambia wazi kwamba mwanamke wa unga ataharibu jina la mtaa. Mwanamume wa unga haharibu jina la mtaa?

Na mapema mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tulipitisha wiki chache za hofu, maana sehemu kubwa ya huduma hizi imekuwa ikibebwa na fedha hizo. Ndugu yangu alikuwa akiondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili awe wa kwanza kwenye foleni, asije akaambiwa imekwisha. Sikumwambia kwamba nami nilikuwa macho, nikisikiliza lango, hadi arudi.

Ile miaka mitano niliyoomba imekwisha zamani. Desemba iliyopita tuliketi tena sisi ndugu sita chini ya mwembe, hati ya nyumba mezani. Kaka mkubwa ametaja bei, na ni bei nzuri. Dada yetu mmoja anataka kuuza kwa kuwa mwanawe amepata chuo. Mmoja hana neno. Kitinda mimba aliondoka kikaoni kabla hatujamaliza. Ilikuwa zamu yake ya kupika na maharagwe yalikuwa yanaungua. Alipofika jikoni akaita kutoka kule kuuliza tuko wangapi wa kula, na kaka mkubwa akajibu kwamba yeye analala, atatoka kesho.

Tumeahirisha hadi Idi.